Kilo Mbili na Robo

Lori langu la sasa lina kilo mbili na robo.
Nimelipima dukani kwa Mwarami, kwenye mzani wa sukari,
naye akashika mbavu kwa kicheko:
"Dereva wa Tunduma, leo umepakia nini?"
Nimepakia betri, nikamjibu, na jeuri.

Miaka ishirini na sita nilikalia tani thelathini.
Siku hizi goti la kulia haliitaki klachi,
kwa hiyo naendesha kwa vidole gumba,
nimesimama pembeni kama mwenye mali.

Jumatatu ni ya kulifungua.
Natandaza kanga kuukuu juu ya meza ya chakula
(Salhiya alisema, akasema, sasa anapika tu)
na bolti nazilaza kwenye trei ya mayai,
kila moja na shimo lake,
maana nati ikidondokea sakafu ya Mbagala
utaiona siku ya kuhama.

Mchanga wa huku ni mwizi mpole.
Havunji mlango.
Anaingia kwenye beringi punje kwa punje
hadi gurudumu lianze kulia kilio ninachokisikia peke yangu.
Nasugua kwa mswaki. Mafuta ya cherehani, tone moja.
Tone la pili ni kumkaribisha mwizi arudi na nduguze.

Springi za kiwandani zilikuwa laini mno,
zimezoea barabara za watu wengine.
Hizi nimezisokota mwenyewe kwa waya wa mwavuli.
Mota ilikuwa ya drili, ilifia Gerezani,
nikaifufua kwa lehemu na matusi.
Gia ya meno kumi na tano ilikimbia vizuri
dakika nne, kisha nyumba nzima ikanuka plastiki.
Kumi na tatu ndiyo inayonifaa. Kumi na mbili ni uzee.

Bodi nimeipaka rangi ya kucha, nyekundu ya harusini,
chupa mbili na nusu.
Ile nusu bado ninadaiwa.

Jumapili tunakutana nyuma ya godauni la korosho, Chang'ombe.
Faizuli huja na lake la kuletewa kutoka Dubai,
limefungwa taulo kama mtoto aliyeogeshwa.
Anayetushinda sote ni Tunu, binti wa fundi bajaji,
umri miaka kumi na mitatu,
tairi zake amezikata kwenye kandambili za baba yake
na baba bado anazitafuta.
Mimi nimeshinda mara moja. Mvua ilinyesha siku hiyo,
na kwenye tope mimi nina shule.

Kuna jambo moja wananicheka.
Malori haya hayana breki, yanasimama kwa mota kujikana,
kwenda mbele huku ikitaka nyuma.
Tangu siku ya kwanza sikulipenda.
Langu nimelifungia breki ya kweli:
kipande cha ngozi ya mkanda kinachobana ekseli.
Uzito umeongezeka, kila mzunguko napoteza sekunde nzima.
"Babu, itoe hiyo," Tunu ananiambia, "utanikaribia."
Nitafikiria, nasema.
Nimekuwa nikifikiria tangu Machi.

Usiku nalipandisha juu ya kabati la vyombo,
mahali bapa, yai haliwezi kubingirika,
na nyuma ya gurudumu naweka kigingi cha mninga,
hakizidi kidole cha mwisho.
Kazi hiyo ilikuwa ya Lwitiko.
Kitonga, aliruka chini kabla lori halijatulia,
gogo mikononi, anakimbia kinyumenyume,
"Bado! Bado, mkuu! Bado!"
Nilizoea kusubiri aseme tayari.

Asubuhi Salhiya anafuta vumbi.
Analalamika: grisi, nyaya, mzee na toi.
Anakiinua kigingi, anapangusa chini yake,
anakirudisha palepale,
anakisukuma kwa kidole mpaka kiguse tairi.